Ng'ombe wa Rangi Itakayothibitishwa

SHAURI LA USULUHISHI KUHUSU UMILIKI WA NG'OMBE MMOJA (1) JIKE, MWENYE MIMBA, WA RANGI ITAKAYOTHIBITISHWA, PAMOJA NA MAMBO MENGINE YATOKANAYO.

Hayo ndiyo maneno yaliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya Kata ya Mrambanga, kwenye karatasi iliyogongwa mhuri pembe zote nne isije ikatoroka. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa uani, mbele ya mlango huohuo, anacheua. Aliyetaka kuithibitisha rangi yake angeweza kugeuza shingo tu. Lakini katika Kata ya Mrambanga shingo haigeuzwi bila kikao.

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki kina mlango wa kuingilia tu. Wa kutokea mtautafuta wenyewe.

Palikuwa na watu watatu wenye studio moja ya picha, mkabala na ghala la chama cha ushirika, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Kajiru, na yeye alikuwa na jicho. Mtu akija kupigwa picha, akakaza shingo na kukunja uso kama anayesomewa hukumu, Kajiru alishusha kamera akaulizia habari za shamba. Mtu aliposahau kwamba anapigwa picha, kamera ikalia. Kwa hiyo watu walitoka katika picha zake wakifanana na wao wenyewe, jambo ambalo si wote walilifurahia.

Wa pili ni Namkunda, mwenye kamera, na yeye alikuwa na mkono usiotupa. Kabati lake lilikuwa na betri zilizokufa, funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea, na mabango ya wagombea ambao hata wake zao waliwapigia kura wengine. Akiulizwa vya nini vyote hivyo, alijibu kwa neno moja tu la kila siku: "Vitakuja kuulizwa."

Wa tatu ni Mbonea, na yeye alikuwa na subira. Kazi yake ilikuwa kwenye kompyuta, kusafisha na kuchapa. Angekaa mbele ya uso wa bibi harusi mmoja akiitafuta rangi halisi ya ngozi yake mpaka chai ipoe na kuota utando, na mteja aje mara ya pili kuuliza kama harusi yenyewe bado ipo.

Watatu hao walifanya kazi pamoja bila kugombana, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kugombania.

Sasa, mwaka huo Kata iliandaa Maonyesho ya Mifugo. Kila mnyama mshindi alitakiwa kupewa kadi yenye jina lake, jina la mwenye mnyama, na picha iliyobandikwa. Palikuwa pia na nafasi ya kujaza rangi. Lakini ofisi ilikwishaona taabu ya kubishana kama ng'ombe fulani ni wa kijivu au wa majivu, kwa hiyo ikachongesha mhuri maalumu wa kugonga mahali pa rangi katika kadi zote. Mhuri ulisema: TAZAMA PICHA. Waliousifu ubunifu huo walikuwa wengi.

Mshindi wa ng'ombe wa maziwa alikuwa Tuliza, wa Mama Nanzia, mjane wa kitongoji cha juu kabisa mlimani. Tuliza alikuwa mwekundu kama udongo wa barabara yetu ukishanyeshewa, na baka jeupe lililoanzia kwenye paji la uso likateremka hadi kwenye jicho la kushoto. Mama Nanzia hakuwa na ng'ombe mwingine. Maziwa ya Tuliza ndiyo yaliyokuwa chumvi, sabuni na dawa ya kifua chake.

Kajiru alitazama uwanja. Palikuwa na mabango ya chama, mabango ya dawa za minyoo, na hema la mgeni rasmi lenye rangi ambazo hazijawahi kukubaliana.

"Vitu hivi vinapiga kelele," akasema. "Leo tunapiga nyeusi na nyeupe. Mtu aone mnyama, asione plastiki."

Basi akageuza kamera na kuchagua mtindo wa picha. Kwa msiojua: kamera za siku hizi zina mitindo, ule wa Kawaida, wa Mandhari, wa Sura, wa Nyeusi na Nyeupe. Kamera huivalisha picha nguo unayoitaka kabla ya kukukabidhi.

Namkunda akamnyang'anya. "Ukiacha hivyo, majani yatakuwa kama lami. Tia na kichujio cha kijani, nyasi zipate uhai." Kichujio chenyewe si kioo cha kufunga mbele, ni chaguo jingine tu humo humo ndani ya mtindo. Nacho huangaza kila kilicho kijani, na kila kilicho chekundu hukitia giza. Hapo hapo akahakikisha kamera inaandika faili mbili kwa kila picha, moja mbichi na moja iliyobanwa.

"Unaimaliza memori kadi kwa madude yasiyofunguka hata kwenye simu," Kajiru akamwambia.

"Vitakuja kuulizwa."

Naomba mnivumilie kidogo hapa. Faili mbichi ni nyama iliyotoka buchani. Ule mtindo uliouchagua umeandikwa pembeni tu, kama oda ya mteja, nyama haijaguswa. Faili iliyobanwa ni sahani iliyokwisha kuiva. Ni nyepesi, iko tayari, kila simu inaila, lakini hakuna aliyewahi kuuchukua mchuzi akaurudisha kuwa nyama. Rangi ikishaondolewa humo, imeondoka. Na kioo cha nyuma ya kamera hukuonyesha sahani iliyoiva peke yake, hata kama ndani umeweka na ile mbichi. Kwa hiyo siku nzima watu walichungulia kwenye kioo, wakaona nyeusi na nyeupe, wakaamini ndiyo yote iliyopo.

Kisha ikafika zamu ya Mbonea. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kula na anataka kuondoka; Mtendaji wa Kata anapiga mbinja nje ya hema akidai kadi. Mbonea, mtu wa subira, siku hiyo peke yake hakuwa nayo. Alizipita faili mbichi akachapa zile zilizobanwa. "Hizi zimeshaiva," akasema, "tuwape wale."

Mama Nanzia alipopokea kadi aliigeuza huku na huku.

"Kajiru mwanangu, mbona Tuliza mmemvika msiba?"

"Hiyo ndiyo sanaa, mama."

"Haya. Sanaa isimkaushe maziwa."

Akaikunja kwenye kitenge akaenda zake.

Mnaona? Mmoja alichagua mtindo, mmoja akaongeza kichujio, mmoja akachapa. Wote walikuwa na nia njema, na Tuliza akatoka mweusi ti, mwenye baka jeupe.

Ukame ukaja. Ng'ombe wote wa mlimani wakateremshwa kutafuta malisho tambarare, na siku ya kuogesha, kwenye josho, makundi yakachanganyika. Tuliza akatoka upande wa pili akiwa katikati ya ng'ombe wa Mheshimiwa Mrindoko, diwani wetu, mtu mwenye ng'ombe wengi kiasi cha kutoyajua majina yao. Mama Nanzia akamfuata hadi zizini.

"Mheshimiwa, nimemfuata Tuliza wangu. Alipotelea josho."

"Tuliza ndiye yupi?"

"Yule mwekundu, mwenye baka jichoni."

"Yule ni wangu. Wako ni mweusi. Si nilikuwa jukwaani siku ile unapewa kadi? Unayo?"

"Ninayo."

"Soma rangi."

Mama Nanzia akaisoma. "Imeandikwa, tazama picha."

"Basi tazama picha, mama."

Na kwenye picha alikuwa Mama Nanzia mwenyewe, kitenge chake, tabasamu lake, ameshika kamba ya ng'ombe mweusi. Baka lilikuwepo, ndiyo. Lakini Mheshimiwa alisema mabaka ni ya dume lile la serikali lililozunguka kata nzima, na hilo hakuna aliyeweza kulikana. Ng'ombe mweusi, akasema, bila shaka alikufa kwa ukame, naye anampa mjane pole.

Majirani waliokunywa maziwa ya Tuliza miaka yote wakaulizwa. Ulikuwa msimu wa kuamua bomba la maji lipite kitongoji gani, na mwamuzi wa bomba alikuwa Mheshimiwa. Mmoja akasema rangi hazikumbuki vizuri. Mwingine akagundua ghafla kwamba macho yamemsumbua tangu utoto.

Ndipo Tuliza akachukuliwa na kufungwa uani mwa ofisi ya kata, akaandikwa Kielelezo A. Mama Nanzia akasimama mlangoni, chini ya ile karatasi yenye mihuri, akasema kwa sauti, watu wakisikia:

"Mimi sina cha kumpa mtu. Lakini Tuliza ana mimba. Atakayenirudishia Tuliza wangu, ndama aliye tumboni ni wake."

Alisema atakayenirudishia. Hakusema watakao.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa usuluhishi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwema aliyelipenda neno "taratibu" kuliko chakula. Kando yake alikaa Bwana Mifugo, afisa wa mifugo wa kata, na koti lake ambalo ofisi ililitambua kuwa ni jeupe.

Namkunda akaja na diski. Aliitoa kabatini chini ya betri na mabango, imefungwa kwa kitambaa, na vumbi lake akaliacha makusudi, kila mtu alione. "Picha za maonyesho," akasema. "Mbichi. Zote. Niliambiwa nizifute, nikaambiwa zinajaza, nikaitwa kabati la mitumba. Hizi hapa."

Mbonea akaja na kompyuta. Aliichomeka diski, akaifungua faili mbichi kwa programu iliyokuja na kamera, akaitupa ukutani kwa projekta ya Kata. Ukutani akatokea ng'ombe mweusi.

Mheshimiwa Mrindoko akacheka mpaka akashika kiti. "Mbichi lakini imeungua!"

Mbonea hakutikisika. "Mwenyekiti, programu hii imetoka kiwanda kimoja na kamera. Inaiheshimu oda iliyoandikwa pembeni, ndiyo maana imempaka weusi. Oda ninaweza kuibadilisha. Naomba niandike Kawaida."

Akabonyeza. Nyasi zikawa kijani, hema likaanza kelele zake, kitenge cha Mama Nanzia kikawa cha njano, na Tuliza akasimama ukutani mwekundu.

Mama Nanzia alisema neno moja tu: "Huyo."

"Ngoja kwanza," Mwenyekiti akasema. "Hiyo mitindo mingine inasemaje?"

Mbonea akabonyeza Mandhari. Tuliza akakolea kama pilipili na nyasi zikawaka. Akabonyeza Sura, wekundu ukapoa na mashavu ya Mama Nanzia yakalainika hadi wanawake wa nyuma wakaguna kwa wivu.

"Faili moja, ng'ombe wanne," Mheshimiwa akasema. "Shahidi huyu ana kauli nne. Katika kauli nne tuchukue ipi?"

"Ng'ombe ni mmoja, Mheshimiwa," Mbonea akajibu. "Zinazobadilika ni nguo. Mtindo unaweza kuukoleza wekundu au kuupoza, lakini hauwezi kuuzaa mahali ambapo haukuwepo. Na tuangalie koti la Bwana Mifugo, hapo nyuma yake kwenye picha. Katika nguo zote za rangi limebaki jeupe."

Bwana Mifugo akainuka. "Kwa kumbukumbu sahihi, koti langu halijawa jeupe tangu nilipolipokea."

"Jeupe la kazi," Mwenyekiti akaamua. "Tuendelee."

"Kijana amempaka hina kwa kompyuta!" Mheshimiwa akasema. "Hao wana mashine, wanaweza kumfanya hata awe wa zambarau."

Ndipo Kajiru akainuka. Aliiweka kamera ya Namkunda kwenye mtindo uleule wa siku ile, na kichujio kilekile, akamuuliza Mwenyekiti habari za migomba yake. Mwenyekiti alipoanza kulalamikia fukusi, kamera ikalia. Mbonea akaitupa ukutani ile faili iliyobanwa. Mwenyekiti alikuwa amevaa tai nyeusi.

Mwenyekiti akainama akaitazama tai kifuani pake. Ilikuwa nyekundu, alipewa alipostaafu, na hana nyingine.

"Mimi tai nyeusi sijawahi kumiliki," akasema polepole.

"Mbonea," Kajiru akasema, "ijaribu hiyo iliyobanwa. Irudishe rangi."

Mbonea akabonyeza kila kitu. Tai ikawa ya kijivu, ikawa ya majivu, ikawa nyeusi tena. Nyekundu haikurudi. Kisha akafungua faili mbichi ya picha hiyohiyo, akabadilisha oda, na tai ikarudi shingoni kwa Mwenyekiti, nyekundu kama siku aliyoagwa.

Uamuzi ulisomwa papo hapo, nami naunukuu kwa sababu unastahili: "Kamati imeridhika kwamba ng'ombe ni mwekundu, na kwamba alikuwa mwekundu hata kabla Kamati haijaridhika. Ng'ombe ni wa Mama Nanzia."

Watu wakapiga vigelegele. Mama Nanzia alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kamba.

"Taratibu, Mwenyekiti," Mheshimiwa Mrindoko akasema. Alikuwa anatabasamu. "Kichwa cha shauri kinasema, pamoja na mambo mengine yatokanayo. Mama huyu aliweka nadhiri mlangoni hapo, mbele za watu. Ndama ana mwenyewe. Kabla mnyama hajatoka, kumbukumbu zionyeshe: ni nani?"

Mngewaona wale watatu! Kila mmoja alifungua mdomo, na kila mmoja akashangaa kuona wenzake wamefungua yao.

"Mimi," Kajiru akasema. "Bila jicho langu pasingekuwa na mbichi wala iliyoiva. Namkunda angehifadhi nini, hewa? Mbonea angefungua nini, dirisha? Na nani aliyetoboa uongo wa hina? Kama si ile tai tungekuwa bado tunabishana."

"Picha yako ndiyo iliyompoteza ng'ombe," Namkunda akamjibu. "Wewe ulimvika weusi, wewe ukaniambia nifute ushahidi. Kilichomwokoa Tuliza ni kile ulichokiita dude. Ndama ni wangu."

"Na kichujio cha kijani kilitoka kwa nani, dada?" Mbonea akauliza. "Kajiru alimtia kijivu, wewe ukammalizia. Halafu diski ilikaa kabatini muda wote, na Tuliza alikuwa kwa Mheshimiwa bado. Faili mbichi isiyofunguliwa ni chuma. Aliyeifungua ni mimi."

"Aliyechapa zile zilizobanwa ni nani?" Kajiru akamrukia. "'Zimeshaiva, tuwape wale.' Ungesubiri kidogo tu siku ile, wewe mwenye sifa ya kusubiri, kadi ingekuwa na ng'ombe mwekundu na leo tusingekuwa hapa!"

Hilo lilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba yote yaliyosemwa yalikuwa kweli. Hakuna kati yao aliyeokoa kitu ambacho hakukiharibu kwanza.

"Wanangu," Mama Nanzia akasema kutoka mlangoni, bado ameshika kamba, "akizaliwa mkateni mnavyotaka. Mimi nipeni mama yake niende."

Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshawanong'oneza kwamba Tuliza akitoka nje ya ua bila jina la mwenye ndama, ndama atakuwa wa yule atakayewahi kupanda mlima. Na wale watatu, waliokuwa hawajawahi kuwekeana hata kufuli, wakaandikisha mapingamizi, kila mtu na lake.

Mwenyekiti akakuna kichwa, akafungua kitabu cha miongozo, akakifunga. "Ng'ombe ni mali ya Mama Nanzia," akatamka. "Tumbo liko chini ya pingamizi. Kwa kuwa haviwezi kutenganishwa kwa sasa, kielelezo kibaki uani mpaka kikao kijacho."

Basi Tuliza akabaki. Mama Nanzia aliteremka mlima kila siku na mzigo wa majani kichwani, akampa kupitia ua. Kumgusa hakuruhusiwa. Pale uani paliandikwa masharti ya vielelezo: KISIOSHWE, KISIPAKWE, KISIBADILISHWE KWA NAMNA YOYOTE. Yaliandikwa zamani kwa ajili ya mapanga na nguo zenye damu, lakini mlinzi hakuona mahali panaposema ng'ombe asihesabiwe. Na kuogeshwa josho ni kuoshwa, hata ukitumia dawa. Tena kwa dawa ndiyo zaidi.

"Ana kupe masikioni, baba," Mama Nanzia alimwambia mlinzi. "Niache niwatoe kwa mkono tu."

"Mama, hao kupe waliingia naye. Ni sehemu ya kielelezo."

Bwana Mifugo, nisimwonee, aliomba kibali cha kumwogesha. Alijibiwa kwamba ombi lake ni zuri na litajadiliwa chini ya Mengineyo.

Mama Nanzia akapanda studio. Alimkuta Kajiru barazani, Namkunda chumba cha mbele, na Mbonea chumba cha nyuma. Siku hizo walikuwa hawakai pamoja. Namkunda alikuwa amechukua kamera yake, Mbonea amechukua kompyuta yake, na Kajiru amebaki na jicho lake, anatazama barabara.

"Kajiru mwanangu, toa pingamizi. Tuliza hali."

"Mama, mimi leo hii natoa. Namkunda akitoa, natoa."

Akaingia ndani. "Namkunda."

"Mama yangu, unanijua, mimi sina roho hiyo. Mbonea atangulie tu. Nikitoa mimi peke yangu si nitakuwa nimekiri?"

Akaenda chumba cha nyuma. Mbonea alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mtu wa kusikiliza.

"Kikao ni Alhamisi, mama," akasema kwa upole. "Tusubiri kidogo tu."

Mama Nanzia hakukaa kwenye kile kiti. Ukutani, juu ya kompyuta, Mbonea alikuwa ametundika ile picha, kubwa, ya rangi, ng'ombe mwekundu na mwenyewe wakiangaliana, wala hawaitazami kamera. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka studio ile. Chini yake paliachwa nafasi ya jina la aliyeifanya, na nafasi ilikuwa tupu.

Aliitazama, akajifunga kitenge vizuri, akateremka.

Haya, wasikilizaji. Neno la Mama Nanzia lilikuwa moja na ndama ni mmoja. Yuko aliyeiona picha, lakini ndiye aliyeipaka weusi. Yuko aliyeihifadhi, lakini aliizidishia giza, na alihifadhi kwa sababu hawezi kutupa chochote, si kwa sababu alimwaza mjane. Yuko aliyeirudishia rangi, lakini ni rangi ambayo yeye mwenyewe aliipita siku ya kwanza kwa haraka. Ukimwondoa yeyote kati yao, Tuliza ni wa Mheshimiwa. Ukimwondoa yeyote kati yao siku ile ya maonyesho, pengine Tuliza hapotei kabisa.

Ndama ni wa nani? Je, wewe ungeamua vipi? Bishaneni kwa nafasi. Mkigawanyika, andikisheni pingamizi, taratibu zinaruhusu.

Kilichotokea ni hiki. Tuliza alikufa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, uani mwa ofisi ya kata siku ya Jumatano, na ndama alikufa tumboni mwake.